Kilichomo Ndani ya Mfarishi Wako

Asma mwanangu,

Barua hii utaikuta kabla hujaondoka, chini ya nguo zako, katika sanduku la kijani, pale unapoweka vitu unavyodhani mimi sivioni. Nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Katika nyumba unayokwenda Nizwa, kwa ninavyojua mimi, hakuna anayekisoma, na yamo humu mambo nisiyopenda yasomwe na mtu kabla yako. Nilipokwisha kuandika hayo ndipo nikafikiri: karatasi nene, zimejaa maneno yasiyosomeka, zimefichwa chini ya nguo za bibi harusi anayetoka kwa watu wa Zanjibar. Mtu akizikuta kabla yako atasema nini? Kwa hiyo ukishaisoma usiifiche. Huko Nizwa iache juu ya meza, na ukiulizwa ina nini, mfasirie anayeuliza. Kama kuna neno hulijui nipigie simu, usikisie.

Sikuandikii habari za kupika, wala saa za kuamka, wala nani umwamkie kwanza. Hayo umeyaona hapa Ibra tangu ulipopata akili, na usiyoyajua utayajua kwa kukosea, kama sote. Nimejifungia stoo, nyumba imejaa watu wa hina, na shangazi yako ameshagonga mlango akidhani nalia. Silii. Nataka kukuandikia juu ya mfarishi, ile shuka nene ya pamba niliyokushonea.

Jana ulipokuwa unapanga vitu uliniambia, bila ya kunitazama, kwamba mfarishi utauacha kwanza. Mama yake Hilal, bwana harusi wako, atanunua mablanketi mapya, na huu utakuja kuuchukua baadaye. Nikasema sawa. Haikuwa sawa, na wewe ulijua kuwa si sawa, ndiyo maana ukaenda mbio kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi, na kazi hiyo humfundisha mtu kushuku. Mtoto akikupa jibu sahihi bila ya kuonesha njia, unamuuliza kalitoa wapi. Nilipostaafu sikuiacha tabia hiyo skuli; nilirudi nayo nyumbani, na nyinyi wanangu mmeionja. Basi hebu nikueleze ninayoyashuku, kwa utaratibu, uone kama njia yangu ina kosa.

Wiki iliyopita Ummu Hilal, mkweo huyo, alikuja na dada yake. Wakala halwa, wakanywa kahawa, kisha tukawaonesha vitu vyako. Nguo walizisifu. Udi waliunusa, wakausifu. Nilipokunjua mfarishi hawakusema kitu. Ummu Hilal aliinama, akashika pembe moja baina ya kidole gumba na cha shahada, akaiminya polepole, kama mtu anayepima tende kama imeiva. Akaiminya tena. Ndipo akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mo fih?" Una nini ndani?

"Pamba," nikajibu.

Akasema mashaallah, akapitisha vidole vyake kwenye pindo la shela yake, akakaa. Wewe ulikuwa mlangoni na birika. Uliona kama nilivyoona. Walipokuwa wanavaa viatu dada yake alimwambia kitu kwa sauti ya chini, na ndani ya kitu hicho mimi nilisikia Zanjibar. Kesho yake Hilal akakupigia simu kukwambia usijitaabishe kubeba vitu vizito.

Haya. Namshuku Ummu Hilal kwamba anauogopa mfarishi. Namshuku Hilal kwamba anajua zaidi ya aliyoyasema, kwani ulipomuuliza kwa nini alijibu kuwa mama yake hana neno, na wewe mama yake hukumtaja. Na nakushuku wewe, mwanangu, kwamba uzito wa mfarishi si kitu, bali umeuonea haya: viraka vya kanga za bibi yako na kanzu ya marehemu baba yako, mbele ya watu walioleta dhahabu katika masanduku ya mahameli. Kama nimekusingizia nisamehe, lakini endelea kusoma.

Mimi nilipoolewa hapa Ibra nami nilikuja na mfarishi. Mama yangu aliushona Unguja akaupeleka kwa mkono wa msafiri mpaka Maskati, nilipokuwa namalizia masomo ya ualimu. Wewe hukupenda kushona, kwa hiyo nikueleze. Mfarishi ni vitambaa viwili vikubwa na kilichomo baina yao. Uso wa juu huunganishwa vipande vipande. Chini ni bitana, kitambaa kimoja kizima. Katikati hutiwa pamba, na zamani kwetu tulitia sufi, ile ya mti wa msufi. Kisha vyote vitatu hushikizwa pamoja kwa bandi, mishono midogo midogo inayopenya mpaka chini, ili pamba isikimbilie upande mmoja. Pande tatu hufungwa mwanzo, na wa nne hufungwa mwisho. Ukishafungwa huo wa nne, hakuna tena anayejua kilichomo ila aliyeufunga. Tafadhali uzingatie maneno hayo, maana mimi nilishona muda mrefu bila ya kuyazingatia.

Bibi yako mzaa baba, Bi. Zayana, wewe unamjua kwa picha tu. Alikuwa mtu wa Ibra hasa, hakupata kuvuka bahari. Baba yako alichukuliwa na ami yake kwenda Unguja angali mdogo, akasomeshwa huko, akakulia huko. Bi. Zayana alitoa mtoto wa kubebwa, akarudishiwa mtu mzima mwenye masharubu anayeota kwa lugha nyingine. Kisha mtu huyo akamletea na mke, anayesema lugha hiyohiyo. Leo nikiyapanga hivi naona alikuwa na sababu ya kututazama kwa makini. Wakati ule sikuyapanga.

Siku za mwanzo aliingia chumbani kwangu kunijulia hali. Akauona mfarishi kitandani, akauwekea mkono, akaniuliza maneno yaleyale uliyoyasikia wiki iliyopita. Una nini ndani?

Mimi nilikuwa msichana mwenye cheti. Kwenye mfereji wa falaji, tulipokwenda kufua, nilikuwa nimeshasikia wanawake wanavyosema juu yetu tuliotoka Afrika: kwamba tunalala na majini, kwamba mwanamke wa Zanjibar humfunga mume kwa uzi wa nguo yake. Kwa hiyo Bi. Zayana hajamaliza kuuliza, mimi nimeshakasirika. Nikamwambia, "Ndani amelala jini, mama. Usimwamshe."

Baba yako alicheka. Mimi nilicheka. Bi. Zayana aliuondosha mkono wake juu ya mfarishi taratibu, kama unavyouondosha ukiona nge karibu yake.

Tangu hapo, mpaka siku nitakayokusimulia, hakuvuka kizingiti cha chumba changu. Chakula akiniletea anasimama nje, anagonga kwa kucha, anaweka sahani chini. Kila jioni alitia ubani kwenye chetezo, akakiweka ukumbini, na moshi wake haukwenda popote ila mlangoni kwangu. Kaka yako Khalfan alipozaliwa, bibi yake akimwona kutoka mlangoni amelala juu ya mfarishi humwita baba yako amtoe, kisha humfunga katika shela yake mwenyewe. Mtoto akipata homa, anatazama chumba changu kwanza, ndipo anamtazama mtoto.

Na mimi, Asma, nilikuwa na raha. Asubuhi niliwafundisha wasichana kwamba kila jambo lina sababu yake, na sababu hutafutwa kwa kutazama. Adhuhuri nikirudi nyumbani nauona ule moshi, na badala ya kutafuta sababu nafurahi kuwa naogopwa. Bibi harusi mgeni hana nguvu nyingi katika nyumba ya watu. Ile niliiona ni nguvu. Baba yako aliniomba mara nyingi nimwambie mama yake kuwa yale yalikuwa maskhara. Nilimjibu amwambie yeye, kwani hata yeye alicheka. Hakumwambia. Tuliyaacha, na maneno ya kijinga yakiachwa katika nyumba hayafi. Yanakaa na watu wanayazunguka kama wanavyozunguka nguzo.

Siku moja nilirudi kutoka skuli nikaukuta mfarishi wangu uani, juu ya jamvi, umefumuliwa. Bi. Zayana alikuwa amekaa upande mmoja na dada yake upande wa pili, sufi imetandazwa katikati yao, inapeperuka na kunata kwenye mitende. Juu ya sinia, mbele yake, palikuwa na vifundo vinne vya kitambaa cheupe, vimefungwa kwa uzi mweusi, vimetolewa katika pembe nne.

"Haya, mwalimu," akasema. "Sasa niambie wewe."

Nilikuja na hasira yangu yote mdomoni, tayari. Lakini vile vifundo nilikuwa sivijui. Mama yangu hakuniambia. Nilisimama na mkoba wangu wa skuli, na nina hakika usoni nilionesha woga, na Bi. Zayana aliuona woga huo akausoma anavyojua yeye. Nilichukua kimoja nikakifungua kwa meno. Zilikuwa karafuu, za zamani, nyeusi, hazina tena harufu.

"Karafuu," nikasema.

"Karafuu naijua. Natia kwenye nywele. Nani anaifunga mafundo akaishonea ndani ya kitanda cha watu?"

Kila aliyesoma Kurani chuoni anajua kwa nini fundo la uzi linaogopwa, kwa ile sura ya wachawi wapulizao mafundoni. Hili halikuwa jambo la wajinga wa falaji, nililisoma mimi mwenyewe nikiwa na ubao mapajani. Na papo hapo, nikiwa bado nimesimama, nilianza kumshuku mama yangu. Hakuipenda ndoa yangu. Alitaka nimalize masomo nirudi Unguja. Basi alikuwa anafunga nini? Kunivuta mimi nirudi? Au kumvuta baba yako anifuate? Au hakufunga chochote, alitia karafuu tu? Singeweza kumuuliza. Alikuwa ameshafariki.

Nilikwenda Samail kwa Bi. Salma, mama mdogo, aliyeshona na mama yangu tangu wakiwa wasichana. Nilimsimulia, akacheka mpaka akavua miwani. Karafuu ni za kuzuia wadudu, akasema, kila mtu alikuwa akitia. Nikamuuliza kwa nini mafundo.

"Tungezimwaga ovyo zingekuchoma mgongo, mtoto wee. Si ungesema tumekutilia misumari?"

"Na kwa nini pembe nne?"

"Ulitaka ziwe wapi, chini ya mbavu za mumeo?"

Nikaona ni maneno ya akili. Nikashusha pumzi, tukanywa chai. Nilipokuwa naaga akaniuliza, kama anauliza habari za hali ya hewa, kama na cha katikati tulikitoa. Nikamwambia hapakuwa na cha katikati, kwani kilikuwepo? Akasema hajui, yeye alikuwa anauliza tu, mama yangu alikuwa mtu wa kukamilisha mambo. Nilimbana, akabadilisha mazungumzo. Mpaka anaingia kaburini sikumtoa neno jingine. Kwa hiyo ukiniuliza mimi leo mama yangu alikuwa na nia gani, nitakujibu: wadudu. Ukiniuliza kama nina yakini, nitanyamaza.

Niliporudi Ibra, mfarishi haukuwepo tena. Bi. Zayana aliuchambua sufi yake yote, akaurudishia bila ya vifundo, akaufunga, akausomea, akampa mjane mmoja wa vijiji vya wadini, kule mabondeni, aliyekuwa akija kwetu kuuza ndimu. Sijapata kukasirika kama siku ile. Kilichonichoma si kupotea kwa mfarishi peke yake. Nilimwambia hiyo si sadaka: kitu ulichokiogopa kwa mjukuu wako unampa mtoto wa maskini? Ndiyo sadaka gani hiyo, ya kumhamishia mtu hofu yako?

Akanijibu bila ya kuinua sauti. "Nimekisomea. Nimekifumua kwa mkono wangu na nimekifunga kwa mkono wangu, najua kilichomo. Na wao wana baridi."

Niliitafakari kauli hiyo muda mrefu, na bado sijaimaliza. Upande mmoja naona alikuwa akijitetea. Upande mwingine naona ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyekuwa na haki ya kuutoa, kwani ndiye pekee aliyejua kilichomo. Mimi niliulalia kila siku na sikukijua.

Kisha nikapata jambo la kunisumbua zaidi. Yule mjane alikuja baadaye na ndimu zake, na mfarishi ameufanya tandiko juu ya punda. Niliuinamia nikautazama ule upande aliofunga Bi. Zayana. Asma, ule haukuwa mshono wa mtu anayejaribu. Ulikuwa umekaa sawa kama mstari wa daftari, uzi hauonekani, kona zimekunjwa kwa namna ambayo mimi siijui mpaka leo. Nilimwendea baba yako nikamuuliza mama yake alijifunza wapi kushona. Akashangaa kuwa sijui. Kabla macho hayajaanza kumsumbua, akasema, nusu ya maharusi wa mtaa walilalia malihafu, ndiyo mifarishi ya huku, yaliyotoka mkononi mwake.

Basi ile siku ya kwanza, alipoweka mkono juu ya mfarishi wangu akaniuliza una nini ndani, aliuliza nini? Mshonaji yeyote akiona kazi ya mwenzake huuliza hivyo hivyo. Mimi nikienda nyumba ya watu nauliza. Pamba au sufi? Mpya au ya kuchambuliwa? Huenda alikuwa ni fundi mzee aliyeona kazi ya nchi nyingine na akapenda kujua. Huenda alikuwa anafungua mlango wa mazungumzo na mkwewe kwa kitu pekee tulichokuwa nacho sote wawili. Nami nikamtajia jini. Na huenda alikuwa anaogopa tangu mwanzo, na nisingemtajia jini angemtafuta mwenyewe. Nilikaa naye mpaka alipofariki, na sikumuuliza. Nilihofu kusikia kuwa alikuwa fundi tu, kuliko kusikia kuwa aliogopa.

Nilichofanya ni kwenda Soko la Jumatano, kwa wanawake wenye vitambaa, nikanunua pamba na marikani, nikaja nikakaa karibu naye uani nikaanza kukata. Nilikata vibaya kwa makusudi. Alivumilia kidogo, kisha akaninyang'anya mkasi. Ndivyo tulivyoanza kushona mifarishi ya sadaka, ile unayoijua, ya watoto wachanga na ya watu wa milimani wakati wa baridi. Wenzangu ninaoshona nao sasa walikuja baadaye. Mwanzo tulikuwa mimi na yeye, hatuongei sana. Yeye ndiye aliyeweka kanuni kwamba kinachokwenda kwa watu wa nje kishonwe kwa kitambaa kipya kilichofuliwa. Nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu ni za kushonea watu wa nyumbani tu, kwa sababu wa nyumbani wanamjua aliyezivaa. Nikamwambia hiyo ni kanuni nzuri. Nilijua ilikotoka.

Na usidhani tuliaminiana. Kila mfarishi niliomaliza mimi, kabla haujatoka nyumbani, aliuchukua mapajani akaminya pembe zote. Kila pembe, kila mfarishi, mpaka vidole vyake viliposhindwa kuminya. Na mimi kila aliomaliza yeye niliusubiri alale nikaugeuza, nikatafuta sijui nini. Hatukupata kitu, wala hatukuacha kutafuta. Tulishona hivyo, bega kwa bega, na watu wengi wamepata joto. Hapo zamani nilidhani lazima shaka iondoke kwanza ndipo watu waweze kukaa pamoja. Kwetu haikuondoka. Ilikaa nasi pale jamvini kama mtu wa tatu, na kazi ikaenda.

Sasa nije kwenye wako.

Uso wake umetokana na kanga za bibi yako wa Unguja, zile zilizobaki, na mfuko wa kanzu ya baba yako uko karibu na katikati. Ukiupapasa utaukuta, sikuufumua. Kipande cha buluu ni sare yako ya skuli. Bitana ni mpya. Pamba ni mpya, nimeichambua mwenyewe. Na katika pembe moja kulikuwa na fundo la karafuu.

Ndiyo. Nilipofika upande wa nne nilikuwa peke yangu, mikono ikaenda. Nilizitia katika kitambaa cheupe, nikafunga kwa uzi, nikashonea. Moja tu, pembe moja. Nikijiuliza kwa nini, najijibu kwamba ni kwa ajili ya mama yangu, au kwa ajili ya wadudu. Lakini nimeshakufundisha kutoamini jibu linalokuja haraka. Huenda nilitaka kukufunga urudi. Huenda mama yangu naye hakuwa na jibu bora kuliko hili, na miaka yote nimemshuku kwa jambo ambalo mikono yangu imelifanya bila ya kuniuliza.

Kwa hiyo Ummu Hilal alipominya ile pembe, hakuwa anawaza yasiyokuwepo. Alihisi kitu, kwa sababu kitu kilikuwepo. Aliniuliza una nini ndani, kwa upole, akanipa nafasi, nami mbele ya macho yake na macho yako nikasema pamba. Safari hii sikumtajia jini. Nilidanganya, na uongo aliushika mwenyewe baina ya vidole viwili. Ningekuwa mimi, ningemwambia mwanangu asikiingize kitu kile nyumbani. Bado nashangaa kwa nini katika pembe nne alishika ile, na nikishangaa sana naanza kumshuku tena. Lakini hilo niachie mimi.

Leo alasiri, ulipokuwa umekaa na hina mikononi hujiwezi, nimefumua upande huo wote. Fundo nimelitoa, karafuu nimezitupia kwenye kahawa ya wageni, umekunywa nazo wewe mwenyewe. Nimekata na bandi za safu za karibu, ili mkono uweze kuingia mpaka kwenye kiwiko. Sikuufunga tena. Mfarishi uko juu ya sanduku lako, mdomo wazi, na sindano nimeichomeka pembeni pamoja na uzi wa kutosha.

Nakuomba uuchukue. Kama umeuonea haya, nakuomba zaidi. Ukiuacha hapa, Nizwa utakuwa ni yule msichana ambaye mama yake alikuwa na kitu pembeni akakificha, na hakuna atakayekwambia. Watakuletea tu sahani mpaka kizingitini. Hayo nayajua ladha yake na sitaki uyaonje.

Ukimkuta Ummu Hilal ametulia, mpelekee. Mwambie mama alisema pamba, na haikuwa pamba tu, ilikuwa na karafuu. Ameitoa, na anakuomba upande uliobaki uufunge wewe. Usiongeze. Usicheke, hata Hilal akicheka. Akitaka kutia mkono atie. Akitaka kufumua pande zote atandaze pamba juani, mtafutie jamvi. Akizicheka bandi zangu, muulize yeye angezipiga vipi, na umsikilize, kwani huenda umempata fundi. Huenda umempata mwoga. Inawezekana akawa vyote viwili, na wewe utaishi naye hivyo hivyo.

Mimi najijua. Utakapokuwa huko mimi nitakuwa hapa nawaza mkweo ametia nini kabla ya kufunga. Nitakupigia simu nikuulize kama unalala vizuri, kama kichwa hakikuumi, umeota nini, na wewe utajua ninachouliza. Sitaki uwe na jibu la kunipa. Kwa hiyo akishaishika sindano, usikae kumtazama mikono. Inuka, nenda jikoni kachemshe kahawa, na ubaki huko mpaka akuite.

Mama yako,
Ibra